SMART Recovery kwa mtu aliyeacha zamani na sasa anaboeka tu, maoni yangu

Wengi wakiiongelea SMART Recovery, programu ya mitingi ya kusaidiana kuacha uraibu, wanaongelea siku za mwanzo za kuacha kilevi, arosto imekushika, jasho linakutoka, usingizi hakuna, na hapo kweli kila mtu yuko upande wako. Mi nataka niiongelee kwa yule aliyeacha siku nyingi, mwili umetulia, nyumbani wameshaacha kumpekua mifukoni, na shida yake sasa hivi ni moja tu, anaboeka. Anaboeka vibaya. Jumapili mchana hana stresi, hana ugomvi na mtu, hana cha kufanya, na kichwa kinaanza taratibu "si kamoja tu jamani".

Na msije mkasema ni uvivu. Ubongo uliozoea kilevi ulizoea dopamini (kemikali ya ubongo inayohusika na raha na hamasa) ya kumwagika, ukikiondoa hivi vitu vya kawaida vinapoa kabisa, muziki umepoa, stori za watu zimepoa. Mtafiti wa uraibu Nora Volkow na wenzake mwaka 2001 walitoa utafiti wa picha za ubongo za watu walioacha methamphetamine (dawa kali ya kulevya), ile mifumo ya dopamini iliyokuwa imedhoofika ilionekana kuanza kurudi, ila ni baada ya mwaka mzima hivi au zaidi bila kugusa kitu. Mwaka! Halafu mtu anakwambia "tafuta hobi" anaondoka zake.

Kabla ya hapa nilikuwa na apu ya kuhesabu siku, jina siweki. Mwanzoni tamu, unaamka namba imepanda, unapewa beji, unamwonyesha mtu wako wa karibu. Baadae namba ikishakuwa kubwa haikusisimui tena, siku moja juu ya mamia ya siku unaionaje? Beji zikaisha, ikabaki kunitumia pongezi zilezile kila asubuhi na kuniuliza kama nataka kulipia toleo la juu, nikaifuta. Kuhesabu siku ni kuzuri, ila apu ilikuwa haina la kusema kuhusu hiyo siku yenyewe naijaza na nini.

Sasa SMART. Kwa wasioijua, ilianza Marekani 1994, ni mitingi za bure (mchango ni hiari yako), za ana kwa ana na za mtandaoni, na kila mtingi una mwezeshaji aliyepewa mafunzo, wengine wamepitia uraibu wenyewe wengine hapana. Hakuna hatua 12 kama za Alcoholics Anonymous (AA), hakuna mlezi wa kumpigia simu, na hakuna anayekulazimisha ujitambulishe kama mlevi au teja. Wanaotumia dawa walizoandikiwa na daktari, kama methadone ya kutibu uraibu wa heroini, nao wanakaribishwa, hilo nalipenda sana kwa sababu kuna sehemu watu hao wanaangaliwa kama hawajaacha kitu. Programu yao ina nguzo nne: kujenga hamasa na kuilinda, kukabiliana na hamu, kumudu mawazo na hisia na tabia, na ya mwisho kuishi maisha yenye uwiano. Watu wanaishia kwenye ya pili, hamu ikishapungua wanaona wamehitimu. Sisi wa zamani kazi yetu iko kwenye ya kwanza na ya nne.

Kilichonibakisha ni kitu wanakiita VACI, ni herufi za Kiingereza lakini maana yake ni shughuli yenye uzito kwako, inayokumeza, na inayokufanya utengeneze au ubuni kitu. Zoezi lenyewe ni karatasi tu, unaandika vitu ulivyokuwa unapenda kabla ya kilevi, vitu ulivyowahi kutamani, hata vya ajabu, halafu unachagua kimoja unakijaribu, kikigoma unarudi kwenye listi. Rahisi hivyo, na nilipoliona mara ya kwanza nikasema haya ndo mambo ya shule ya chekechea. Ila angalieni ule ukali wa masharti, ikumeze. Kuskroli simu kunakumeza lakini hutengenezi kitu. Kuangalia mpira raha, lakini mechi ikiisha umebaki na mikono yako. Nikafuta nusu ya listi yangu kwa masharti hayo tu, likabaki gitaa.

Gitaa mwanzo halina raha hata kidogo, semeni ukweli mnaopiga. Ile kodi (chord) ya F unalaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita, unabana mpaka kiganja kinatetemeka, unapiga, zinalia mbili, zingine zinafanya "tup". Ncha za vidole zinauma mpaka zikiota sugu. Lakini saa moja imeenda na hujawaza kitu kingine, na kesho yake nyuzi ya tatu inalia. Nadhani hii ndo sababu VACI inafanya kazi kuliko burudani ya kawaida, haikuombi ufurahi leo, inakupa kitu cha kubishana nacho, na kwa mtu ambaye furaha yake bado haijarudi vizuri hilo ndo linawezekana.

Zana ya pili ni ile duara ya uwiano wa maisha. Unachora duara, unaligawa vipande, kazi, familia, afya, marafiki, mapumziko na vingine unavyotaka, kila kipande unakipa alama kuanzia 0 katikati mpaka 10 pembeni, halafu unaunganisha. Yangu ilitoka kazi 8, marafiki 2, mapumziko 1. Sikuhitaji mtu wa kunieleza naboeka kwa nini.

Kuna pia ABC, ambayo wameichukua kwa Albert Ellis, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanzisha tiba yake miaka ya 1950. A ni tukio, B ni unachoamini, C ni kinachofuata. Kwenye kuboeka iko hivi, A ni jioni tupu, C ni hamu imepanda, na katikati pale B kuna kasentensi "siwezi kuvumilia hii hali". Unakauliza, hivi kweli siwezi? Mbona jana nilivumilia? Si muujiza, kuna siku kasentensi kanashinda hoja unabaki kununa tu, lakini kununa si kutumia.

Ubaya wake upo. Makaratasi ni mengi, kama hupendi kuandika utaona kama umerudishwa darasani, na lugha yao imejaa vifupisho. Pia mitingi nyingi zina wageni wa wiki ya kwanza, kwa hiyo mazungumzo yanaelemea kwenye hamu na kujizuia, wewe wa zamani ukikaa kimya utatoka huna kitu. Inabidi mwanzoni wakati kila mtu anaeleza hali yake useme wazi, "mi sina hamu, nimechoka na maisha kuwa bapa, naomba tuongelee hilo". Wageni wanashtuka kidogo, halafu wale wazoefu waliokaa kimya wanaanza kufungua maiki mmoja mmoja. Na kama ubapa wenyewe umefika kushindwa kula au kutoka kitandani, hiyo si ya mtingi, hiyo ni daktari kwanza.

Nyota nne kati ya tano kutoka kwangu. Kwa anayetaka kujaribu, ya mtandaoni unaweza kuingia kamera imezimwa na ukasikiliza tu mpaka mwisho. Hawakufungi maisha pia, ukiona umepata ulichofuata unaondoka, na ukitaka kurudi unarudi, kuna wazoefu wanarudi wenyewe kujifunza uwezeshaji na wengine wamefanya hiyo kuwa VACI yao.