TAHADHARI: Muuzaji wa "spea orijino" za Datsun 240Z anayezunguka Arusha, Moshi na Nairobi

Wakuu, kama una Datsun 240Z, 260Z au gari lolote la michezo la zamani lililo juu ya mawe uani kwako na umeanza kulifufua, soma hii kabla hujatuma hela kwa mtu. Kuna muuzaji anayejitambulisha kama mjukuu wa fundi wa zamani wa Safari Rally. Anauza injini, mabati ya bodi na vibao vya chasi. Mimi ameniuzia injini na mabati. Jamaa yangu wa Moshi alilipia injini ileile niliyolipia mimi, kwa picha zilezile, na hajaletewa hata boliti. Jina lake siliandiki kwa sababu anatumia zaidi ya moja, laini za simu anabadilisha kila mara, na suala liko polisi. Nitaeleza anavyofanya kazi. Atakayekutana naye atamjua kwa maneno yake.

Kwanza ni hadithi. Kabla ya bei anakupa historia, na anajua sisi wenye magari haya hatuna kinga nayo. Ni kweli kwamba 240Z ilijijengea jina hapa kwetu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari kwa 240Z, na nafasi ya pili ikaenda kwa 240Z nyingine ya Shekhar Mehta na Mike Doughty. Mwaka 1973 Mehta akashinda mwenyewe akiwa na Lofty Drews, tena kwa kubanana mno: pointi zake za adhabu zililingana na za Harry Källström wa Datsun 1800 SSS, ikabidi kanuni ya kuvunja sare iamue. Muuzaji wetu haya yote anayo kichwani, mpaka anakuzidi. Halafu anapachika lake: kwamba injini aliyonayo ilikuwa ya akiba kwenye timu ya 1973, ikabaki kwa babu yake Nairobi imefunikwa turubai. Kwa jamaa wa Moshi alisema ni injini yenyewe iliyoshinda 1971. Gari lililoshinda 1971 Nissan, ndio waliotengeneza Datsun, wanalo wenyewe kwenye hifadhi yao ya magari ya kale huko Zama, Japani. Ukimwambia hivyo hababaiki. Anajibu, "Kaka, kule ni bodi tu, injini ilibaki huku." Karatasi ya kuthibitisha huwa "iko kwa mama mdogo Thika".

Nakuja kwenye injini yenyewe, maana hapa ndipo penye ufundi wa huyu bwana.

Injini ya 240Z ni L24: silinda sita kwenye mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393, kabureta mbili. Nissan walikuwa pia na L20 ya silinda sita, sentimita za ujazo 1,998, iliyofungwa kwenye saluni nyingi za enzi hizo. Kwa nje hizi mbili zinafanana kama pacha. Umbo la bloku ni lile, kava ya juu ni ile, na silinda hedi zinakaa vilevile. Tofauti iko ndani: kipenyo cha silinda ya L24 ni milimita 83 na mwendo wa pistoni ni 73.7, wakati L20 ni 78 kwa 69.7. Kwa hiyo mtu akiokota L20 ya chuma chakavu, akaiosha, akaipaka rangi ya buluu na kubadilisha namba ubavuni, anapata "L24 ya Safari" ya kuuza kwa bei mara nyingi zaidi.

Ndivyo alivyofanya kwenye yangu. Ilipofika ilikuwa inang'aa, na gasketi mpya imechungulia pembeni mwa hedi. Fundi wangu akaitazama sehemu ya bloku inapogongwa namba, akapitisha kidole, akaniita. Sehemu ile kiwandani hulainishwa kwa mashine na uso wake unakuwa tambarare. Hii ilikuwa na bonde dogo katikati, na ukiiangalia kwa tochi ya pembeni unaona mikwaruzo ya mviringo ya grainda chini ya rangi. Herufi L imezama, 2 imezama nusu, 4 imepinda kidogo kulia. Hizo ni nyundo na seti ya namba za kugonga za dukani. Tukafungua hedi. Venia, kile kipimo cha kupimia kipenyo, ikaingia silinda ya kwanza: milimita 78. Ya pili: 78. Hatukuendelea na nyingine. Ndani ya silinda ya tano kulikuwa na kutu ya maji yaliyokaa muda mrefu, na pistoni yake ilikuwa imeshikana na ukuta.

Nilipompigia alisema, "Kaka, hizo ni za toleo la mwanzo, zilikuwa ndogo." Uongo. Hakuna L24 ya milimita 78.

Kwa anayetaka kununua L24 kwa mtu yeyote, si huyu tu: mwambie afungue hedi ukiwepo wewe au fundi unayemwamini, na venia iwe yenu. Akisema gasketi itaharibika, jitolee kuinunua nyingine. Gasketi ni hela ndogo sana ukilinganisha na injini isiyo yako. Kudumbukiza waya kwenye tundu la plagi ili upime mwendo wa pistoni hakukusaidii hapa, kwa sababu plagi za injini hizi zimelala pembe na tofauti unayoitafuta ni milimita nne tu. Angalia pia herufi zilizotokeza kwenye aluminiamu ya hedi, upande wa plagi, kati ya ya kwanza na ya pili. Hedi za 240Z ni E31 kwa magari ya mwanzo na E88 kwa yaliyofuata. Hedi inaweza kuwa imebadilishwa miaka hamsini hii, kwa hiyo peke yake haimtii mtu hatiani, lakini E31 ikipakwa rangi nzito kuliko sehemu nyingine, uliza kwa nini.

Na msisahau kadi ya gari. Namba ya injini na ujazo wake vimeandikwa pale. Ukifunga bloku yenye namba ya kugongwa kwa nyundo, siku ya kuuza au siku trafiki akiamua kukagua vizuri, wa kujieleza ni wewe. Yeye atakuwa Nakuru anauza nyingine.

Mabati sasa. Aliniletea floo, yaani bati la sakafu ya gari, pande zote mbili, zimepakwa rangi nyeusi nzito, akasema ni za kiwandani, hazijawahi kufungwa. Kwa macho zilipendeza. Mikunjo ilikuwepo, na matundu ya kutolea maji yalikuwepo. Fundi bodi alipogusa na mashine ya kuchomelea, bati likatoboka pale pale na moshi mweupe ukafumka. Akasogeza moto, likatoboka tena. Akachukua msasa akakwangua rangi, na chini yake kukatokea yale maua ya fedha ambayo kila aliyejenga nyumba anayajua. Akanigeukia, "Mzee, hili ni la kuezekea."

Bati la kuezekea la geji 28 halifiki hata nusu milimita. Floo ya gari inataka karibu milimita 0.8 au 0.9, na inatakiwa kubeba kiti na mtu ndani yake. Halafu lina zinki. Zinki ikiungua inatoa moshi unaomletea mchomeleaji homa na kutetemeka usiku, na fundi wangu alilala hivyo. Mafundi wetu wanaamini maziwa ndiyo dawa. Maziwa hayazuii kitu. Kinachozuia ni kuondoa ile zinki kwanza na kufanya kazi penye upepo, na kwa floo ya gari ni bora usilitumie kabisa. Hatimaye tulinunua bati jeusi la milimita moja hapa hapa mjini, fundi akalikunja kwa mkono siku mbili, na linakaa vizuri kuliko "orijino" yake.

Nasikia sasa ananadi bodi zima la 240Z, "halina kutu hata chembe". Sijaliona, siwezi kulisema. Lakini 240Z isiyo na kutu hata chembe ni habari ya kushangaza, ukizingatia Nissan ya wakati ule haikujali sana kinga ya kutu. Ukienda kuliona, nenda na sumaku ndogo umeifunga kitambaa, uipitishe polepole: chini ya trei ya betri, kwenye reli zinazopita chini ya floo, pembe ya chini ya bodi kati ya mlango na tairi la nyuma, kizingiti cha mlango wa nyuma, na chini ya tairi la akiba. Pale sumaku inapolegea kuna puti, ile ya kuziba na kusawazisha bodi, na penye puti nene pana shimo. Akikukataza kutumia sumaku kwa kuwa "itakwaruza rangi", kunywa soda yako uondoke.

Kitu kinachonitia hofu kuliko injini na mabati ni vibao. Jamaa huyu anauza kibao cha chasi pamoja na kadi ya zamani, eti "ukitaka gari lako liwe na historia". Alinitumia picha. Kibao kimeandikwa HLS30, na kadi inasema ni gari lililosajiliwa Tanzania kuanzia mwanzo, stelingi kulia. Wanaozijua hizi gari wameshacheka. Ile L katikati ni ya magari ya stelingi kushoto, yale yaliyokwenda Marekani. 240Z ya stelingi kulia iliyouzwa huku namba yake inaanza HS30. Kwa hiyo kibao kimetoka bara jingine na kadi imetoka gari jingine, na anataka wewe uviunganishe kwenye gari la tatu. Namba halisi imegongwa pia kwenye bati la ukuta kati ya injini na dashibodi, na kibao kinatakiwa kusema kilekile. Mtu anayekuuzia kibao anakuuzia kesi. Gari la wizi huoshwa kwa njia hiyo hiyo.

Malipo yake yana mpangilio usiobadilika. Anaanza na kishika uchumba, si kikubwa, "ili nisimpe mwingine". Ukishatuma, kesho yake inatumwa picha ya risiti ya basi kwamba mzigo umetoka Nairobi. Kesho kutwa inakuja simu kwamba mzigo umezuiwa Namanga, inatakiwa hela ya forodha, tuma kwenye namba hii. Jina linalotokea kwenye simu si lake. Ukiuliza, ni la shemeji yake aliyeko mpakani. Kwangu mimi mzigo ulifika, nadhani kwa sababu nilikuwa nimemwambia nina ndugu Longido anayeweza kwenda Namanga kuuangalia. Wa Moshi aliendelea kulipa: forodha, stoo, kibarua wa kupakia. Tulipokutana tukaweka risiti zetu mbili za basi pamoja. Namba ya risiti ni ileile, mwandiko ni uleule, na kilichobadilishwa ni tarehe na jina la mpokeaji.

Ushuru wa forodha Tanzania unalipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa serikali, na hela inaingia serikalini. Hakuna ofisa wala wakala halali atakayekutumia namba ya simu ya shemeji. Na zile picha nzuri anazotuma za kabureta mbili zilizosafishwa, zilizopangwa juu ya kitambaa chekundu, zitafute kwenye intaneti kwa picha. Mimi nilizikuta kwenye tangazo la zamani la mtu wa Marekani, mpaka na ufa uleule wa meza. Ukimwomba muuzaji apige simu ya video akiwa amesimama na mzigo, na kikaratasi chenye jina lako juu yake, utasikia umeme umekatika.

Waliokwisha kutuma hela: hifadhini meseji zote, msizifute kwa hasira. Pigeni huduma kwa wateja wa mtandao mliotumia mara moja, na namba yake itumeni kwenda 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu. Kisha nendeni kituoni mkafungue jalada. Polisi walituambia malalamiko ya mtu mmoja yanaonekana kama biashara iliyoharibika, yakiwa ya watu kadhaa wenye risiti ya aina moja yanakuwa kitu kingine.

Kwa hiyo namtafuta yeyote mwenye risiti ya basi ya Nairobi–Arusha aliyotumiwa na mtu anayejiita mjukuu wa fundi wa Safari, hasa waliolipia injini ya buluu iliyopigwa picha juu ya godoro la mbao, nyuma yake kuna ukuta wa matofali na pikipiki nyekundu. Ni ile ile. Nitumie ujumbe wa faragha, usiweke namba yako hapa chini kwenye maoni, maana yeye pia anasoma. Na kama upo kwenye hatua ya "hela ya Namanga" leo hii, usitume. Injini hiyo haiko Namanga, iko gereji kwangu Njiro, hedi imefunguliwa, inasubiri mpelelezi aje kuipiga picha.