Mtihani wa leseni wakati wa janga: ukumbini au nyumbani?
Kwa anayesubiri leseni ya uwakili au uuguzi, kuahirisha mtihani ni kuahirisha mshahara. Kwa hiyo mwaka 2020, Uviko-19 ilipotanda, bodi za mitihani zilibidi zichague: ukumbini au nyumbani kwa kompyuta.

Ukumbini, usimamizi ni uleule wa siku zote. Taabu ni hewa. Watu wanakaa saa nyingi chumba kimoja, na virusi hivi husambaa hewani. Ukitenganisha meza huku madirisha yamefungwa, hujafanya kitu cha maana. Kupima joto mlangoni nako sikuamini sana, maana mtu huambukiza hata kabla hajaanza kuumwa. Afadhali barakoa, madirisha wazi na vikundi vidogo vya kuingia kwa zamu, ili watu wasirundikane kwenye foleni ya ukaguzi.

Nyumbani huambukizwi na mtahiniwa mwenzako, ila yanazuka mengine. Kamera inakukodolea macho. Ukitazama pembeni kidogo ukiwaza, programu ya kusimamia mtihani inaweza kukuhesabu mshukiwa. Marekani, baadhi ya watahiniwa weusi walilalamika kwamba programu haikuzitambua nyuso zao, eti mwanga hautoshi! Jimbo la Michigan, Julai 2020, mfumo uligoma katikati ya mtihani wa uwakili. Jimbo la Indiana nalo likaachana na programu lililokusudia kuitumia, wakatuma maswali kwa barua pepe na kuruhusu vitabu.

Mimi ningechagua ukumbi wenye hewa ya kutosha, na njia ya Indiana niwaachie wenye maradhi sugu na wanaouguza.