Airisi za bustani Arusha na Moshi: ipi ununue, ipi uiache

Namba moja ni dietesi, airisi ya Kiafrika: majani kama panga, maua meupe yenye madoa ya njano na zambarau. Huota porini huku huku Afrika Mashariki, kwa hiyo jua la Moshi haliitishi wala Julai ya Arusha. Panda kwa nafasi ya sentimita 50, mwagilia mara mbili kwa wiki mpaka ichipue. Ua moja hunyauka siku hiyo hiyo, ila kikonyo usikikate. Kikonyo kilekile huchanua tena na tena. Wanaokifyeka ili "kusafisha" ndio hao hao wanaolalamika kuwa mmea umegoma.

Kitaluni, kabla hujatoa hela, shika majani karibu na udongo uvute polepole. Mche ukitoka bila kubisha, ujue umechomekwa kwenye kiriba juzi tu, mizizi haijashika. Bonyeza na tunguu, yaani shina nene lililo chini ya udongo: liwe gumu kama tangawizi mbichi. Likibonyea na kunuka, limeshaozeshwa na maji, achana nalo hata upewe kwa nusu bei.

Ya pili ni agapanthasi, ya buluu au nyeupe, asili yake Afrika Kusini. Si airisi hasa. Huchanua vizuri ikibanana, basi usiigawe kila mwaka. Chini ya migomba utavuna majani matupu. Ya tatu ni ua la kana (canna), nalo si airisi hasa. Haina masharti, ipe samadi na maji, lakini husambaa. Iweke kando ya mfereji, si katikati ya bustani.

Airisi ya Siberia tunaiweka mwisho, na si kwa sababu ni mbaya. Ili ichanue inataka majira marefu ya baridi kali, na hata usiku wa Machame hauifikishi huko. Utapata majani mazuri, maua kwa bahati. Ukiwa bado unaitaka, anza na kibali cha kuingiza mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, makao makuu yao yapo Ngaramtoni, Arusha, kabla mzigo haujasafirishwa. Mizizi yake haivumilii kukauka: ikifika iloweke usiku mmoja, panda tunguu sentimita 3 hadi 5 chini, kwenye udongo wenye mboji na uchachu kidogo. Majivu ya jikoni usimwage hapo. Mbolea ya dukani subiri mwaka wa pili.