Kompyuta Mpakato Imeharibika: Utengeneze au Ununue Nyingine?

Wengi huanza hesabu hii mahali pasipofaa, yaani kwenye bei waliyolipa siku waliponunua kompyuta. Fedha ile imekwisha kutumika na haina nafasi tena katika uamuzi. Kinachopaswa kulinganishwa ni gharama ya fundi kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine bei ya leo ya mashine ya mtumba ya aina hiyohiyo katika maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi. Matengenezo yakizidi nusu ya bei hiyo, kwa kawaida ni afadhali kuachana nayo. Hata hivyo, kabla hujauliza bei yoyote, ni lazima ujue mambo mawili: sehemu gani imeharibika, na prosesa yake, yaani chipu kuu inayoendesha kazi zote, ni ya kizazi gani.

Kuhusu jambo la kwanza, usikubali maelezo ya fundi anayesema "madabodi imekufa", yaani bodi kuu inayobeba chipu zote, kabla hajafungua hata skrubu moja. Kompyuta isiyowaka kabisa huenda ina adapta mbovu tu, na fundi mwenye kipimo cha umeme anaweza kukuonyesha hilo mbele ya macho yako. Ikiwa taa zinawaka lakini kioo ni cheusi, iunganishe na televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikitokea kwenye televisheni, bodi ni nzima na tatizo liko kwenye kioo au kwenye waya wake mwembamba unaopita kwenye bawaba. Picha isipotokea popote, chomoa chaji, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha omba kadi za RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) zitolewe, zisafishwe na kurudishwa. Mashine nyingi zilizotangazwa kuwa zimekufa zimefufuka kwa hatua hiyo pekee, na ndiyo maana inafaa ifanyike ukiwa umesimama hapohapo.

Jambo la pili linahusu umri. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hukubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, zilizoanza kutoka mwaka 2017, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kizazi husomeka kwenye jina la prosesa: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8250U ni cha nane, na i5-1135G7 ni cha kumi na moja. Mashine ya kizazi cha sita bado inaweza kufanya kazi vizuri kwa Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya bure inayowekwa badala ya Windows, ila kama kazi yako inadai Windows, usiitie fedha nyingi.

Ukishayajua hayo mawili, chaguo zinapangika kama ifuatavyo, kuanzia lenye faida zaidi.

Nafasi ya kwanza: kutengeneza, maadamu bodi ni nzima

Betri, adapta, kibodi, feni, diski na kioo vyote ni vipuri vinavyobadilishwa bila kugusa bodi, na katika kundi hili matengenezo karibu kila mara hushinda ununuzi. Linalolipa kuliko yote ni kuondoa diski ya zamani inayozunguka na kuweka SSD, yaani hifadhi ya chipu isiyo na kinachozunguka. Diski ile husoma takribani MB 100 kwa sekunde ikiwa katika hali nzuri, ilhali SSD ya SATA hufika karibu MB 500, na tofauti kubwa zaidi huonekana wakati wa kuwasha mashine na kufungua programu. Mtu anayelalamika kwamba kompyuta yake "imezeeka" mara nyingi anahitaji SSD na RAM ya kufikisha GB 8 au 16, wala hahitaji kompyuta nyingine.

Betri ina tahadhari yake. Ikiwa sehemu ya kipanya imeinuka au kava la chini halifungi sawasawa, betri imevimba na inaweza kushika moto, kwa hiyo acha kuichaji na uiondoe mara moja, hata kama bado inatunza umeme. Kwa betri isiyovimba, fungua dirisha la amri la Windows na uandike powercfg /batteryreport. Ripoti itakayotoka huonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo uliobaki. Kioo nacho kinunuliwe kwa namba iliyoandikwa nyuma ya kioo chenyewe, kwa kuwa vioo viwili vya inchi 14 vinaweza kuwa na soketi tofauti, moja ya pini 30 na nyingine ya pini 40.

Mashine inayochemka na kujizima huenda inahitaji tu kusafishwa vumbi kwenye feni na kupakwa upya dawa ya kupitishia joto juu ya prosesa. Hilo ni tengenezo dogo kuliko yote.

Nafasi ya pili: mtumba wa daraja la ofisi

Bodi ikiwa imekufa kweli, ununuzi bora kwa mtumiaji wa kawaida ni mashine ya mtumba iliyotengenezwa kwa ajili ya makampuni: HP EliteBook 840 G5, Dell Latitude 7490 au Lenovo ThinkPad T480. Zote tatu hupatikana na prosesa za kizazi cha nane, na zote zina nafasi mbili za RAM zinazokuwezesha kuongeza kumbukumbu baadaye. Usidhani kila ThinkPad ni hivyo, maana X280 na X1 Carbon zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi, na uliyonunua nayo ndiyo utakayokufa nayo.

Hatari ya mtumba haiko kwenye mikwaruzo, iko kwenye kufuli. Mashine hizi zilikuwa mali ya makampuni ya Ulaya na Marekani, na baadhi hufika zikiwa bado zimeandikishwa kwa mwenyewe wa zamani. Kabla ya kulipa, ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ndani inayofunguka kabla ya Windows, kwa F10 kwenye HP, F2 kwenye Dell na F1 kwenye ThinkPad, uone kama inadai nenosiri. Kisha omba Windows ianzishwe upya ikiwa imeunganishwa na intaneti. Likitokea jina la kampuni usiyoijua likidai uingie kwa barua pepe ya kazi, rudisha mashine mezani. Kwa MacBook, hakikisha akaunti ya Apple ya mwenyewe wa awali imeondolewa. Tazama pia kibodi chini ya stika: mashine iliyotoka Ujerumani ina Z mahali pa Y, na ya Ufaransa ina A mahali pa Q.

Nafasi ya tatu: mpya ya daraja la kati

Chaguo hili ni la mwenye fedha na mwenye kuhitaji waranti, kwa mfano ofisi inayodai risiti. Chukua yenye angalau GB 8 za RAM na nafasi ya kuongeza, na uulize waranti inashughulikiwa katika mji wako au mashine itasafirishwa nje ya nchi.

Nafasi ya nne: kutengeneza bodi

Bodi iliyopigwa shoti baada ya umeme kukatika na kurudi kwa nguvu, au iliyomwagikiwa chai, wakati mwingine hutengenezeka. Kubadilisha kijichipu kimoja cha njia ya umeme ni kazi halali kwa fundi mwenye hadubini na vifaa. Lakini bodi iliyokaa na maji kwa siku kadhaa huendelea kuliwa na kutu hata baada ya kuwaka, na chipu iliyopashwa moto ili "ishike tena" kwa kawaida hurudia ugonjwa uleule. Lipia kazi hii kwa sharti la kutotoa fedha isipowaka. MacBook za M1 na za baada yake hubadilisha hesabu, kwa sababu hifadhi imechomelewa kwenye bodi na data haiwezi kutolewa bila bodi kuwaka; hapo unalipia mafaili yako zaidi ya mashine.

Nafasi ya mwisho: mpya ya bei rahisi kabisa

Hapa najua nitapingwa. Mashine mpya yenye prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4 iliyochomelewa na hifadhi ya eMMC (aina ya bei rahisi iliyochomelewa kwenye bodi) ya GB 64 hutimiza kwa shida kiwango cha chini kabisa cha Windows 11, na masasisho machache hutosha kujaza hifadhi yote. Haiongezeki, haitengenezeki kwa faida, na ThinkPad T480 ya mtumba huiacha mbali. Harufu ya upya isikudanganye.

Uamuzi wowote utakaofikia, usimwachie muuza vipuri mashine mbovu ikiwa na diski ndani. Itoe, uitie kwenye kasha la nje la USB ili uhamishe mafaili yako, na utoe pia RAM na adapta, ambazo huenda zikafaa kwenye mashine mpya ikiwa ni za aina ileile. Kilichobaki ndicho cha kuuza kama vipuri.