"Mwambie mama ampigie mwenye gari": uzoefu wangu na gereji iliyotaka kushusha injini nzima

Gari langu ni Hilux ya zamani yenye injini ya dizeli aina ya 3L, nalitumia kubebea viazi kutoka mashambani hadi sokoni Uyole, hapa Mbeya. Katikati ya kipupwe kilichopita lilianza kuwaka kwa kusuasua alfajiri, likitetemeka mwili mzima na kutoa moshi mweupe mzito uliojaa uani na kuwatoa watoto machozi. Likishapata moto, moshi ulipungua, lakini injini iliendelea kumisi, yaani kukosa mapigo, na kupanda mlima na mzigo kukawa mateso.

Nililipeleka kwenye gereji moja kubwa ambayo sitaitaja jina. Niwatendee haki: siku za nyuma walinitengenezea breki vizuri, na siku hiyo pia nilikaribishwa kiti. Fundi mkuu alisimama nyuma ya gari, akautazama moshi kwa muda usiozidi dakika moja, boneti likiwa bado limefungwa, akatangaza kwamba ringi, zile pete za pistoni zinazozuia presha kuvuja, zimekwisha na injini lazima ishushwe. Makadirio yalikuwa shilingi milioni 2 na laki 3. Nikamuuliza kama hatuwezi kwanza kulegeza paipu za nozeli, vile vifaa vinavyopuliza dizeli ndani ya silinda, moja moja ili tujue ni silinda ipi haifanyi kazi. Hakunijibu mimi. Alimgeukia kijana wangu wa kupakia mizigo, ambaye hajawahi kushika usukani, akamwambia: "Mwambie mama ampigie mwenye gari, tuongee naye wenyewe." Nilipomweleza kwamba mwenye gari ni mimi, alisema, "Sawa mama, lakini haya ni mambo ya kiufundi," kisha akaondoka. Getini nikatozwa shilingi 30,000 za ukaguzi.

Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa trekta kule Usangu, na alinifundisha kwamba moshi husomwa kwa rangi na kwa harufu kabla mtu hajashika spana. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni dizeli iliyozidi hewa, na mweupe unaowasha macho na kunuka dizeli mbichi ni mafuta yaliyoingia kwenye silinda yakatoka bila kuungua. Wangu ulikuwa huo wa mwisho. Oili kwenye stiki haikuwa imepungua, maji ya rejeta yalikuwa pale pale, na nilipofungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, hapakuwa na ule upepo wa kusukuma ambao ringi zilizochoka huutoa. Hita plagi mbovu, zile za kupasha silinda joto kabla ya kuwasha, nazo huleta moshi mweupe asubuhi, ila injini ikishapata moto hutulia, yangu haikutulia.

Basi Jumapili moja, mimi na yule kijana tulifungua boneti nyumbani. Tulichukua spana namba 17 na kitambaa kinene, tukalegeza nati ya paipu ya nozeli ya kwanza, iliyo karibu na rejeta, kiasi cha nusu mzunguko tu, huku uso na mikono vikiwa mbali na tundu, kwa sababu dizeli inayotoka kwa presha hupenya ngozi. Mlio ukabadilika papo hapo, injini ikayumba. Maana yake silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Tukakaza. Ya pili, vivyo hivyo. Tulipolegeza ya tatu, dizeli ilitoka ikalowesha kitambaa, lakini injini haikushtuka hata kidogo. Ya nne ikayumbisha tena.

Hapo bado nisingeweza kuapa kwamba si ringi za silinda hiyo. Tulizima, injini ikapoa, tukahamisha nozeli ya tatu kwenda ya pili na ya pili kwenda ya tatu, tukaweka washa mpya (pete za kuzibia) chini ya kila moja, tukapampu dizeli kwa mkono pale juu ya filta mpaka hewa ikatoka. Tulipowasha na kurudia jaribio, silinda ya pili ndiyo iliyokuwa kimya, na ya tatu ilikuwa inavuta kama mpya. Ubovu ulikuwa umehama pamoja na nozeli. Ringi hazihami.

Nozeli zote 4 nilizipeleka kwa fundi wa pampu na nozeli za dizeli. Kwenye mashine yake, 3 zilipuliza ukungu mwembamba uliotawanyika sawasawa, na ile moja ilichuruzika mafuta kama bomba la maji lisilofungika. Alibadilisha ncha yake na kuipima tena mbele yangu. Asubuhi iliyofuata gari liliwaka mara moja, na uani watoto waliendelea kunywa uji wao.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba gereji ile inafaa kwa breki na kazi ndogondogo, ila watu waiogope kwa injini. Sasa naifuta kauli hiyo. Fundi aliye tayari kushusha injini nzima kuliko kumjibu mwanamke swali la spana moja, siwezi kumwamini hata na breki, kwa kuwa breki ndizo zinazobeba roho yangu mteremkoni. Kijana wangu anasema huenda siku hiyo walikuwa wamezidiwa na kazi. Inawezekana. Lakini muda wa kuandika makadirio ya milioni 2 waliupata, na zile shilingi 30,000 nitazifuata.