Lightkurve: zana ya bure ya kusaka sayari ndogo, ila chunga flatten()

Kwa anayetaka kuchambua data ya TESS, darubini ya anga ya NASA inayosaka sayari za nyota nyingine, bila kulipa hata senti, pa kuanzia ni Lightkurve. Ni programu ya Python: unaisakinisha kwa pip install lightkurve, nayo inavuta data yenyewe kutoka MAST, ghala la mtandaoni la data za darubini za anga. Nyota nzuri ya kuipimia ni L 98-59, kibete chekundu (nyota ndogo, hafifu) kilicho umbali wa miaka 35 hivi ya mwanga. Majibu yake yanajulikana: sayari b, c na d hupita mbele yake kila baada ya siku 2.25, 3.69 na 7.45, na kila mpito hupunguza mwanga wake kidogo: hilo ndilo bonde unalolitafuta kwenye grafu.

Kuvuta data hakuna shida: search_lightcurve("L 98-59", author="SPOC", exptime=120). SPOC ni kituo cha NASA kinachochakata data ya TESS, na 120 ni sekunde za kila kipimo. Usikimbilie download_all(), sekta moja, yaani kipande kimoja cha anga kilichotazamwa kwa siku 27 hivi, inatosha kuanzia. Faili la mwanga ni dogo, MB chache tu. La pikseli, lenye picha zenyewe za nyota, ndilo linalomaliza bando.

Tatizo liko kwenye flatten(). Kazi yake ni kusawazisha mawimbi yanayoletwa na madoa ya nyota na hitilafu za chombo, lakini usipoigusa hutumia dirisha la vipimo 101, yaani saa tatu na dakika 22. Sayari c huchukua zaidi kidogo ya saa moja kupita. Dirisha likiwa finyu hivyo, programu hulichukulia bonde la sayari kama wimbi na kulifukia, na bonde lenyewe ni la 0.17% tu, la b halifiki hata 0.1%. Weka window_length=901 (lazima iwe namba witiri). Nayo remove_outliers(), ya kuondoa vipimo vilivyopotoka, hukata juu na chini bila kubagua, kwa hiyo iandikie sigma_upper=4, sigma_lower=20.

Kisha to_periodogram(method="bls"), inayosaka mabonde yanayojirudia: muda wa mzunguko kuanzia siku 1 hadi 10, duration=0.05 (siku, muda wa mpito). Kilele cha c kitajitokeza, na hapa wengi hupotea: kilele hicho hujirudia kwenye mara mbili ya muda wake, na mara mbili ya 3.69 ni 7.38, karibu kabisa na 7.45 ya d. Ondoa kwanza mipito ya c kwa get_transit_mask(), tafuta upya, ndipo uiamini d.

Usitangaze kitu kabla ya kufungua faili la pikseli. Pikseli moja ya TESS ni sekunde 21 za tao, kwa hiyo nyota pacha za jirani zinazofunikana zinaweza kuingiza bonde la bandia. Amri ya interact_sky() huonyesha majirani hao vizuri sana, ila ndani ya Jupyter (daftari la Python la kwenye kivinjari) tu.

Uzito usiutafute humu. Kina cha bonde kinatoa ukubwa wa sayari, basi. Uzito wa b, takriban 0.4 ya Dunia, ulipatikana kwa ESPRESSO, kifaa cha kupima mwendo wa nyota kwenye darubini ya VLT, Chile, na kutangazwa 2021: mvuto wa b ulikuwa ukiiyumbisha nyota kwa nusu mita hivi kwa sekunde.