Uzoefu wangu wa kukopesha kupitia Kiva

Tangu nihamie Marekani nimekuwa nikiweka sehemu ndogo ya akiba yangu Kiva, shirika lisilo la faida lenye makao San Francisco, ambalo lilianza mwaka 2005 kwa kuwakopesha wafanyabiashara wadogo wachache wa Tororo, Uganda. Anayetafuta faida atafute kwingine, kwa sababu mkopeshaji hapati riba hata senti moja. Kikubwa anachotarajia ni kurudishiwa alichotoa.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Unafungua akaunti, unachagua mkopaji, unachangia kuanzia dola 25, kisha fedha hurudi kidogo kidogo kadiri marejesho yanavyoingia, nawe waweza kuzitoa au kuzikopesha tena. Wakati wa kulipa utaona umeongezewa mchango wa hiari wa kuliendesha shirika, usipoutaka, uondoe.

Kinachohitaji umakini ni kwamba kwa kawaida humkopeshi moja kwa moja yule mama unayemwona pichani. Kati yenu ipo taasisi ya mikopo ya huko kwao, ambayo mara nyingi imekwisha kumpa fedha kabla hujamwona, na mchango wako huenda kuijazia taasisi hiyo pengo. Mchumi David Roodman alipoliandika jambo hili mwaka 2009 mjadala ulikuwa mkubwa, na Kiva ikabadilisha namna inavyojieleza. Binafsi sioni ubaya, maana muuza nyanya anayehitaji mtaji leo hawezi kungoja mpaka wageni wamalize kuchanga. Linaloniumiza kichwa ni riba, kwa kuwa taasisi nyingi humtoza mkopaji, na baadhi ya viwango ni vya kumshtua yeyote aliyeshuhudia mikopo ya kausha damu ikiwafilisi kina mama mtaani kwetu. Nafahamu kwamba afisa mikopo anayepanda bodaboda kufuata rejesho la elfu ishirini hutumia mafuta na muda uleule ambao angeutumia kwa rejesho la laki tano, na gharama hiyo lazima ilipwe na mtu. Lakini si kila kiwango kinatetewa na mafuta ya bodaboda.

Ndiyo maana husoma ukurasa wa taasisi kabla ya kusoma habari za mkopaji: wastani wa gharama anayobebeshwa, kiasi cha marejesho yaliyochelewa, na nani anabeba hasara sarafu ya nchi ikiporomoka, kwani kuna mikopo ambayo kushuka kwa thamani kunakozidi asilimia 10 humwangukia mkopeshaji. Mkopo wangu wa mbegu na mbolea kwa wakulima wa Kenya magharibi ulirudi wote. Mwingine, uliopitia taasisi nisiyoitaja, uliishia njiani, na hakuna wa kukufidia, kwa hiyo mtu asiweke humo ada ya shule.

Rafiki zangu wa Pwani huuliza kama inafaa kwa anayeiepuka riba. Wewe huipokei, ila mkopaji huenda anailipa, na kwao hilo halitoshi. Huwaelekeza kwenye mikopo ambayo Kiva huwapa wafanyabiashara wadogo wa humu Marekani, kwa kuwa mkopaji wake hatozwi riba wala ada.